Kung'oa au Kuacha Meno ya Mbwa Mzee

Asubuhi moja ya kipupwe, mwalimu mmoja mstaafu, ambaye kwa miaka mingi hakukosa kuniletea mbwa wake kwa chanjo ya kila mwaka, alimweka mezani pangu mbwa mdogo mweupe wa jamii ya Japanese Spitz, wale wenye manyoya marefu wanaopendwa sana katika nyumba za Nairobi, jina lake Tausi, umri wake miaka 12 na uzito wake kilo 5.8, kisha akaniambia kwa sauti ya mtu ambaye usiku hakupata usingizi: "Daktari mwanangu, mdomo wa huyu unanuka, na nimeambiwa kwamba sharti ang'olewe meno. Lakini kwa uzee huu, akilazwa kwa dawa ya usingizi, ataamka kweli?"

Nilimwinua mdomo wa juu kwa kidole gumba. Chonge ya kulia ilikuwa imevikwa ukoga mgumu wa rangi ya kutu hadi nusu ya kimo chake, ufizi umerudi nyuma, na mzizi umejitokeza mithili ya msingi wa nyumba ambao mvua imeuchukulia udongo wake. Na nyuma yake, chini ya jicho, gego kubwa la kukatia nyama halikuonekana tena umbo lake kwa wingi wa ukoga ulioliganda. Nilipoubonyeza ufizi wa hapo kwa ncha ya kidole, tone la usaha lilitoka, jembamba, la rangi ya maziwa yaliyochacha. Tausi hakulia wala hakuuma. Alilifumba jicho la upande ule, akameza mate, basi.

Swali la Mwalimu lilikuwa swali la haki, na kila mwenye mbwa mzee ana wajibu wa kuliuliza. Ila lilikuwa nusu ya swali. Nusu ya pili, ambayo watu wengi huisahau kwa sababu hofu ya dawa ya usingizi huonekana na maumivu ya jino la mbwa hayaonekani, ni hii: asipolazwa, asipong'olewa, miezi kumi na miwili ijayo ataiishi vipi? Kwani kungoja nako ni kuamua, na hatari ya kungoja haipungui kwa kuwa haina tarehe wala fomu ya kutia sahihi.

Yafaa kwanza tufahamu kwa nini maradhi haya huwaelemea mbwa wadogo kuliko wakubwa. Mbwa wa kulinda nyumba mwenye kilo 40, na Tausi mwenye kilo 5.8, wote wawili wamejaaliwa idadi moja ya meno, yaani 42, 20 ya juu na 22 ya chini. Lakini wanadamu walipowapunguza mbwa umbo kizazi baada ya kizazi, taya lilipungua zaidi kuliko meno yalivyopungua, ndipo meno ya mbwa mdogo yakabanana, mengine yakakaa mshazari, na baina yake uchafu ukapata maficho ambayo ulimi hauyafikii. Tena gego la kwanza la taya la chini, ambalo kwa mbwa mkubwa lina mfupa wa kutosha chini ya mizizi yake, kwa mbwa mdogo huteremsha mizizi hiyo karibu na ukingo wenyewe wa taya. Mfupa mwembamba uliobaki hapo ukishaliwa na maradhi, taya huweza kuvunjika kwa jambo dogo kama kuruka kutoka kitini. Na chonge za juu, ambazo mizizi yake ni mirefu kuliko sehemu tunayoiona, zimetengwa na tundu za pua kwa ukuta mwembamba wa mfupa. Ukuta huo ukitoboka, chakula na maji hupita kinywani kuingia puani, na mwenye mbwa hudhani ni mafua yasiyopona, ilhali chanzo cha chafya zile ni jino.

Ukoga laini huanza kujitanda juu ya jino saa chache tu baada ya jino kusafishwa, na usipofutwa, madini ya mate huugeuza kuwa kama jiwe katika muda wa siku chache. Jiwe hilo ndilo tunaloliona na kulichukia, lakini madhara makubwa hayatokani nalo. Hutokana na vijidudu vilivyojificha chini ya ufizi, ambavyo, pamoja na mapambano ya mwili wenyewe dhidi yavyo, hula nyuzi zinazolishika jino na baadaye mfupa unaolibeba. Maadamu ni ufizi tu uliovimba, kusafisha kunaponya na hali hurudi kama ilivyokuwa. Mfupa ukishalika, haurudi. Ndiyo maana daktari mwenye kuijua kazi yake hahukumu kwa kutazama ukoga, bali huingiza kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita baina ya ufizi na jino, akalizunguka jino lote. Kwa mbwa, kina kisichozidi milimita 3 hutuliza moyo, na kwa mbwa mdogo kama Tausi hata milimita 3 hiyo hutiliwa shaka. Jino lililopoteza zaidi ya nusu ya nguzo zake, yaani nyuzi na mfupa kwa pamoja, aghalabu halina tena matumaini, hata likiwa limesimama wima.

"Lakini anakula, Daktari." Maneno haya nimeyasikia mara nyingi mno hata nayatarajia kabla hayajasemwa, nami hujibu kwamba mbwa hula kwa kuwa ana njaa, si kwa kuwa hana maumivu. Aliyezaliwa katika jamii ya wanyama waishio kwa kundi hupata hasara akionyesha udhaifu, na kwa hiyo huyaficha maumivu ya kinywa mpaka yawe sehemu ya tabia yake, nasi tukayaita uzee. Nilimwomba Mwalimu akumbuke, naye akakumbuka taratibu, jambo baada ya jambo: kwamba tangu mwaka uliopita Tausi huinamisha kichwa upande mmoja anapokula, kwamba huyameza matonge ya ugali bila ya kuyatafuna, kwamba mpira aliokuwa akiuleta miguuni kila jioni ameuacha, na kwamba mjukuu alipomshika uso alirudi nyuma, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Aliponyamaza, machozi yalikuwa yamemlengalenga. Nilimwambia kwamba hakuna aliyemficha neno isipokuwa Tausi mwenyewe.

Hapa sina budi kutia hadhari moja ambayo vitabu vya tiba vya ng'ambo huipitia upesi, nasi wa Afrika Mashariki hatuna ruhusa ya kuipitia upesi. Mbwa anayedondosha mate, ambaye taya lake limelegea na hawezi kumeza, watu husema ana mfupa uliokwama au jino bovu, wakatia mikono kinywani ili wamsaidie. Na huyo huenda akawa na kichaa cha mbwa, maradhi ambayo dalili zake zikishamdhihirikia mwanadamu hayana tiba. Kabla sijaufungua mdomo wa mbwa yeyote mwenye mate ya namna hiyo, huomba kadi ya chanjo. Tausi alikuwa nayo, na mihuri yake ilikuwa kamili.

Sasa turudi kwenye hofu ya Mwalimu. Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 2000, David Brodbelt na wenzake walikusanya habari za mbwa 98,036 waliolazwa kwa dawa za usingizi au za kutuliza, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba waliokufa kwa sababu ya dawa hizo ndani ya saa 48 walikuwa asilimia 0.17, yaani mbwa 17 katika kila 10,000. Walipowatenga wazima na wagonjwa, tofauti ilikuwa kubwa: kwa mbwa wenye afya asilimia 0.05, na kwa wale wenye maradhi mazito asilimia 1.33. Umri mkubwa na uzito mdogo navyo vilionekana kuongeza hatari. Kwa hivyo siwezi kuiunga mkono moja kwa moja kauli ipendwayo na wenzangu wengi, kwamba uzee si maradhi. Ni kweli si maradhi, lakini mzee mdogo wa mwili hupoteza joto upesi, sukari ya damu yake hushuka upesi, na figo zake hazina akiba ya ujana, na anayemlaza bila ya kuyajali hayo amemweka katika hatari ambayo ingeepukika. Jambo jingine lililodhihirika katika uchunguzi ule, nami naliona kuwa ndilo lenye faida kubwa kwa msomaji, ni kwamba karibu nusu ya mbwa waliokufa hawakufa mezani, bali baada ya kazi kwisha, na wengi wao katika saa tatu za mwanzo. Basi usimuulize daktari wako ni dawa gani atakayoitumia tu; muulize pia ni nani atakayekaa na mbwa wako baada ya dawa kuzimwa.

Nilipoweka kipimo cha kusikilizia kifuani mwa Tausi, nilisikia upande wa kushoto mvumo, mwepesi lakini wa kudumu, ambao kwa mbwa mdogo wa umri wake humaanisha mara nyingi kwamba vali iliyo baina ya vyumba vya kushoto vya moyo imenenepa na haifungi sawasawa. Wapo ambao husikia neno mvumo wakafunga shauri papo hapo. Mimi nilimpeleka kwenye picha ya kifua na kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, na moyo ukaonekana haujatanuka. Mbwa mwenye hali hiyo, ambaye hana kikohozi wala hahemi usingizini, kwa kawaida huistahimili dawa ya usingizi vizuri, mradi maji ya dripu asitiwe kwa wingi kupita kiasi na shinikizo la damu lisiachwe lishuke. Damu ilionyesha ini zima na figo zilizo katika mipaka yake. Lau moyo ungekuwa umekwisha kutanuka na maji yamejaa mapafuni, ningeanza na moyo na kuyaahirisha meno. Na lau figo zingekuwa zimeelemewa, ningezituliza kwanza, nipunguze kazi, niigawanye kwa siku mbili zilizo mbalimbali.

Kuhusu ni meno yapi ya kung'oa, jicho peke yake ni shahidi dhaifu. Frank Verstraete na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipowapiga eksirei ya kinywa kizima mbwa waliofikishwa kwao, walichapisha mwaka 1998 kwamba hata katika meno yasiyokuwa na dosari ya nje, picha zilifichua jambo lenye uzito wa kitabibu kwa takriban asilimia 28 ya mbwa hao. Mwenye kliniki isiyo na mashine ya eksirei ya meno anaweza bado kufanya kazi ya maana, lakini sharti akiri mpaka wake, hasa katika chonge na katika gego la taya la chini, ambako nguvu ya mkono bila ya picha inaweza kulivunja taya la mbwa mdogo. Kwa meno hayo, safari ya kwenda kliniki yenye mashine ni sehemu ya tiba.

Mwalimu alikuwa amekwisha kupita njia nyingine kabla ya kuja kwangu. Mahali fulani alipewa dawa za kuua vijidudu mara tatu katika mwaka mmoja. Kila mara harufu ilipungua kwa wiki mbili, kila mara ikarudi, kwa sababu dawa ya mdomoni haiwezi kulishika jino lililopoteza mfupa wake, na mfuko wa usaha uliobaki chini ya ufizi hujaa tena kama kisima. Baadaye akashauriwa amkwangue mbwa ukoga akiwa macho, kwa bei nafuu na bila ya dawa ya usingizi. Mabingwa wa meno ya wanyama wa Marekani wameikataa njia hii waziwazi, nami naikataa pamoja nao, kwa kuwa huyapa meno weupe wa kupendeza nje huku uozo wa ndani ukiachwa; haiwezekani kupima chini ya ufizi wa mbwa aliye macho, na kumkandamiza mbwa mwenye maumivu ili akwanguliwe ni kumtesa ili sisi turidhike.

Nisije nikadhaniwa kwamba kila mbwa mzee aletwaye kwangu hung'olewa. Yuko niliyemrudisha nyumbani na meno yake mabovu: mbwa wa miaka 15 mwenye uvimbe wa saratani uliokwisha kuenea mapafuni, ambaye alikuwa na wiki chache za kuishi. Kwake nilichagua dawa za maumivu, chakula cha majimaji kilicho vuguvugu, na ukweli kwa wenyewe. Vilevile jino lililotikisika kidogo kwa mbwa ambaye mwenyewe yuko tayari kumpigia mswaki kila siku, na amekwisha kunithibitishia hivyo kwa miezi, naweza kulisafisha na kuliacha. Lakini kwa mwenye shughuli nyingi, ambaye najua kwa yakini kwamba mswaki utaachwa baada ya wiki mbili, jino lilelile nitaling'oa, kwa kuwa sitaki kumlaza mzee yule mara ya pili mwakani kwa ajili ya kosa ambalo leo lingemalizika. Hukumu ya jino, basi, haihusu jino peke yake. Inahusu pia nyumba ambayo mbwa atairudia.

Kuhusu gharama, sitajidai kwamba ni ndogo. Vipimo, picha, saa mbili au tatu za kazi ya mikono, na mtu wa kukaa naye hadi jioni, vyote vina thamani yake, na majirani hawakosi kuuliza kwa nini fedha yote hiyo iende kwa mbwa. Mimi nimelelewa pwani, ambako mbwa hawekwi ndani na mate yake yana hukumu zake za tohara. Na huko huko, tukiwa wadogo madrasani, ndiko tulikosimuliwa habari ya yule mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Hayo mawili sijapata kuyaona yakigombana. Mwenye kumweka kiumbe chini ya mkono wake amejitwisha maumivu yake pia, na asiyekuwa na uwezo wa yote aseme waziwazi kwa daktari, kwani kulitoa leo jino moja lenye usaha ni bora kuliko kuyaacha yote kwa kungoja uwezo wa kuyatoa yote.

Tausi alilazwa Jumanne, saa mbili asubuhi, baada ya kukaa bila ya chakula kwa saa chache tu, si usiku kucha. Mrija ulipitishwa kooni hadi kwenye bomba la hewa, ili maji ya kusafishia na uchafu visiingie mapafuni. Blanketi la joto likatandikwa chini yake. Shinikizo la damu, mapigo na pumzi vikaandikwa kila dakika tano na msaidizi ambaye hakuwa na kazi nyingine yoyote. Kabla ya kulitoa jino lolote, nilidunga ganzi penye neva yake, ili usingizi uweze kuwa mwepesi na bado asihisi kitu. Lile gego la juu lina mizizi mitatu, na halitolewi kwa kuvutwa: ufizi hufunuliwa, jino hukatwa vipande vitatu kwa keekee ndogo, kila mzizi ukalegezwa kwa subira kwa chombo mfano wa patasi nyembamba hadi uachilie wenyewe, kisha ufizi ukafunikwa na kushonwa kwa uzi unaoyeyuka. Nilitoa meno 11. Manne kati yake yalitoka kwa kuguswa tu, maana hayakuwa yameshikiliwa na chochote isipokuwa ukoga wenyewe.

Saa tisa alasiri alikuwa amesimama. Jioni alikula nyama iliyosagwa, akaimaliza. Kwa siku 14 alipewa chakula laini, na dawa ya maumivu nikampimia mwenyewe kwa uzito na hali ya figo zake, nikimwonya Mwalimu kama ninavyomwonya kila mtu kwamba diklofenaki na ibuprofeni za wanadamu zinaweza kumwua mbwa, na kwamba dawa ya meno ya wanadamu haifai kinywani mwake, hasa yenye zailitoli. Siku ya kumi na nne waliporudi, fizi zilikuwa zimefunga, rangi yake waridi iliyokoza, harufu haipo. Mwalimu alikuwa amebeba mpira katika kikapu. Aliutoa akauweka sakafuni bila ya kusema neno, na Tausi akaufuata, akauokota kwa meno 31 yaliyobaki, akauleta miguuni mwake.

Wewe msomaji mwenye mbwa mdogo aliyepita miaka saba, na ambaye chanjo yake ya kichaa haijaisha muda, leo jioni mwinue mdomo wa juu upande wa nyuma, chini ya jicho, ulitazame gego kubwa. Ukiona ukoga wa rangi ya kutu, ufizi mwekundu au usaha, au ukisikia harufu ambayo umekwisha kuizoea, mpeleke wiki hii kwa daktari, uombe moyo wake usikilizwe na damu yake ipimwe kabla ya mtu yeyote kukuambia ni mzee mno. Na kama chanjo yake imekwisha muda, usimtie mkono kinywani: anza na chanjo.